Mfiwa Naye ni Msafiri: Siku Saba kwa Miguu Kutoka Mombasa Hadi Malindi



Wapenzi wasomaji, kwa muda wa miaka mingi nimekuwa nikiitwa katika misiba ya watu. Nimesimama makaburini nikatoa talkini, nimekaa barazani na wafiwa nikawakumbusha fadhila za subira, kisha nikarejea nyumbani kwangu kula na kulala. Nilidhani nayajua maneno ya kumwambia aliyefiwa. Msiba ulipobisha hodi mlangoni kwangu ndipo nilipotambua kwamba katika maneno yote niliyokuwa nikiwagawia watu, sikuwa na hata moja la kumfaa mtoto wa miaka 10 aliyekuwa chini ya paa langu.

Ninaandika haya kwa idhini ya mtoto mwenyewe. Nilimsomea, akanikosoa pahala pawili, nami nikasahihisha.

Mama wa watoto wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipatwa na kiharusi usiku, presha ilipompanda. Jirani akatoa gari, tukampakia kiti cha nyuma. Binti yetu kitindamimba akaingia pamoja nasi pasi na kuulizwa na mtu, akaiweka miguu ya mamake mapajani pake. Kabla ya adhana ya Alfajiri mamake alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Maziko yakapita, taaziya ikaisha, dada zake wakubwa wakarejea kwa waume zao, na nyumba ikabaki na watu wawili.

Tangu siku ile mtoto hakulia, wala hakupanda gari. Shule yake i karibu, kwa hiyo alikwenda kwa miguu na watu hawakulitambua jambo hilo. Lakini kila alipoambiwa apande matatu au tuktuk alijishika tumbo akalalamika kuwa linamsokota. Madrasani, ambako zamani alikuwa wa kwanza kuinua mkono, sasa aliitwa mara mbili ndipo aitike. Nami nilimwambia yale niliyozoea kuwaambia watu: "Usilie, mwanangu. Muombee mamako." Naye akanitii. Nilimsifu kwa watu kuwa ana subira. Kumbe nilikuwa nimemfunga mdomo, na nilichukua miezi 7 kulijua hilo.

Safari ilivyozaliwa

Nyanya yake mtoto, mzaa mama, yuko Malindi. Miguu imemshinda, na tangu siku ya maziko hakuweza kuja Mombasa tena. Kila Ijumaa alipiga simu akiuliza atamwona lini mjukuu wake. Likizo ya Agosti ilipofika nikamwambia binti yangu tujitayarishe.

"Nitakwenda, Baba," akasema, "lakini si kwa gari."

Nikamwambia kuwa Malindi ni mwendo wa kilomita 120. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Watu wa zamani walikwendaje?"

"Walipanda majahazi. Asiyekuwa na nauli alikwenda kwa miguu."

"Basi na sisi tuseme hatuna nauli."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, kisha usiku sikupata usingizi. Shangazi yake alisema nimerukwa na akili. Mzee mmoja wa msikitini alinionya kwamba nitamwua mtoto wa watu kwa jua. Nilimpeleka kwanza kwa daktari, akampima, akasema hana ugonjwa mwilini, na kwamba mwendo wa polepole hautamdhuru madhali anakunywa maji na kupumzika. Nikawapigia simu jamaa na wanafunzi wangu wa zamani walioko Mtwapa, Vipingo, Takaungu, Kilifi, Matsangoni na Gede, ili kila usiku tuwe na pa kulala. Tukachukua viatu vya raba vilivyokwisha kuzoea miguu, chupa za maji, tende, kofia za ukili na mswala mmoja. Yeye akatia mkobani leso ya mamake, akaikunja chini kabisa akidhani sikuiona.

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri, katika baridi ya kusi. Mpango ulikuwa mwepesi: kwenda tangu mapambazuko hadi saa nne, kupumzika mpaka Alasiri, kisha kwenda tena kidogo kabla ya Magharibi. Mwenda pole hajikwai. Barabara kuu tuliiepuka kila tulipoweza, kwa kuwa magari ya huko hayana huruma. Tulifuata pwani wakati wa maji kupwa, na njia za mashambani maji yalipojaa.

Ruhusa ya msafiri

Tulipofika Mtwapa siku ya kwanza, baada ya kuyaacha majumba ya mji nyuma yetu, tulipumzika tukaswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuswali swala ya safari. Alipotoa salamu akanitazama kana kwamba tumeiba kitu.

Nikamfahamisha kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii, mwenye safari ya halali inayozidi kilomita 80 na kitu huruhusiwa kuzifupisha swala za rakaa nne ziwe mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Katika Ramadhani huruhusiwa kufungua, akalipa baadaye. Mola wetu anajua kuwa safari ni mzigo, kwa hiyo akampunguzia msafiri mizigo mingine.

Akauliza, "Na mtu mwenye huzuni, naye hupunguziwa?"

Nilimjibu kama mwalimu wa fiqhi: la, rakaa hazipungui kwa sababu ya huzuni. Jibu ni sahihi, na sijalibadili. Lakini swali lake lilinifuata njia nzima, kwa maana kila nilipolitafakari niliona kwamba dini yetu, nje ya hesabu ya rakaa, imejaa tahafifu kwa mfiwa. Ja'far bin Abi Talib (R.A.) alipouawa shahidi vitani Mu'ta, katika mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume wetu (S.A.W.) aliagiza watu wapeleke chakula kwa jamaa zake, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Mfiwa basi hapiki, hupikiwa. Aliwaita watoto wa Ja'far akawakumbatia huku machozi yakimtoka. Mjane naye amewekewa eda ya miezi 4 na siku 10, na ndani yake mna nafasi ya kutulia ambayo dunia ya leo haimpi mtu.

Na mimi je? Siku ya nne baada ya maziko nilimrudisha binti yangu darasani. Wiki ya pili nilimtaka anisomee juzuu aliyokuwa akihifadhi, na alipokwama nikamkunjia uso. Msafiri wa jangwani nilimjua. Msafiri aliyelala chumba cha pili nyumbani kwangu sikumwona.

Maji kupwa, maji kujaa

Siku mbili za mwanzo hatukuzungumza sana. Tulipita Kikambala, miguu ikizama katika mchanga laini, kisha Vipingo, penye mashamba ya mkonge yaliyojipanga safu safu mpaka macho yachoke. Alikuwa akitangulia hatua chache, nami nikimfuata. Nikagundua kwamba mtoto ambaye hawezi kusema neno akiwekwa kitako mbele ya baba yake husema mengi akiwa anakwenda, kwa sababu hakuna anayemtazama usoni.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu alitueleza habari za maji: bamvua na maji mafu, na jinsi kupwa kunavyochelewa kila siku kwa muda wa dakika 50 hivi. Mtoto akamsikiliza kwa makini. Baadaye kidogo akawakimbiza kaa ufukweni, akacheka mpaka akaanguka. Kisha ghafla akanyamaza, akakaa mchangani, hakutaka tena kwenda.

Hapo nikafahamu jambo ambalo wengi wetu hulikosa. Huzuni ya mtu mzima humfunika kama maji makuu. Huzuni ya mtoto hupwa na kujaa. Sasa anacheza, baada ya saa moja anaumwa tumbo, kesho ana hasira, keshokutwa anauliza swali la kaburini akiwa na kipande cha mkate mdomoni. Sisi tukimwona anacheza husema, "Alhamdulillah, amesahau." Hakusahau. Maji yamepwa tu, na yatarudi.

Takaungu, mji wa kale wa Mazrui, mna mkono wa bahari ambao watu wa miguu huuvuka kwa mashua ndogo. Nilihofia atakataa, kwa kuwa ni chombo. Alisita, akaishika leso iliyomo mkobani, akapanda. Tulipofika katikati ya maji akasema bila kunitazama:

"Baba, shangazi alisema mama amesafiri. Msafiri huaga. Na msafiri hurudi. Mbona hakuniaga?"

Shangazi yake alisema hivyo kwa mapenzi, kama tulivyozoea pwani kuwafichia watoto makali ya neno. Lakini mtoto huyu alikuwa amekaa miezi 7 akijiuliza kosa gani alilofanya hata mamake akaondoka pasi na kumuaga. Nikamwambia, "Mama hakusafiri, mwanangu. Mama amekufa. Mwili wake uko kaburini, roho yake iko kwa Mola wake. Hatarudi kwetu, sisi ndio tutakaomwendea, tukitarajia rehema ya Mwenyezi Mungu itukutanishe naye." Yule mvushaji akageuza uso upande wa bahari. Mtoto akatikisa kichwa, akauliza kama kuna samaki wakubwa katika maji yale. Jibu lilimtosha kwa siku ile.

Neno lililofichwa

Tulivuka daraja la Kilifi siku ya nne. Nilimwonyesha mahali feri ilipokuwa ikivusha watu kabla daraja halijafunguliwa mwaka wa 1991. Asubuhi ya siku ya tano, tukiwa katika njia ya mashambani kaskazini ya Kilifi na jua halijapanda, alisema kwa sauti ya chini:

"Mama aliniita usiku ule."

Sikujibu. Nikaendelea kwenda pamoja naye.

"Aliniita nimletee maji. Nilimsikia. Nikajifanya nimelala."

Ndugu zangu, ulimi wangu tayari ulikuwa umeinuka kusema, "Hiyo ni qadari ya Mungu." Ni neno la haki. Lakini kwa mara ya kwanza niliuzuia. Nilikaa chini ya mbuyu, nikamvuta karibu nami, na machozi niliyokuwa nimeyazuia tangu siku ya jeneza yakanitoka yote. Alinitazama kwa mshangao. Hakuwahi kuniona hivyo. Kisha nikamwambia langu, ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote: kwamba jioni ile mamake alinieleza kichwa kinamuuma sana, nami nikamwambia angoje kwanza nimalize darasa.

Tukalia sote wawili chini ya mbuyu ule, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni kichwani akatusalimu na kutuuliza kama tumefiwa. Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Poleni sana," akatua mzigo wake, akakaa nasi kitambo bila kusema zaidi, kisha akaenda zake.

Machozi yalipokauka ndipo nilipozungumza. Nilimweleza kuwa kiharusi hakiletwi na mtoto kukosa kuamka, wala bilauri ya maji haikizuii. Nilimweleza kuwa mtoto kujifanya amelala anapoitwa usiku ni jambo la watoto wote, na kwamba mamake alimridhia kabla hajakosea. Kisha nikamfundisha qadari na ajali ya mja, na safari hii aliipokea, kwa kuwa ilikuja baada ya machozi, si badala yake.

Ama langu mimi, sikujiondolea kwa wepesi huo. Mzigo wa mtoto haukuwa wake, ulistahili kuvuliwa. Wangu ni wa mtu mzima: nauombea maghufira, nami naulipa kwa kuwaonya nyinyi. Presha haina ishara mara nyingi. Mpimeni mama zenu na wake zenu wangali wazima. Na mtu akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, uso ukapinda upande mmoja, mkono ukalegea au ulimi ukawa mzito, msingoje darasa liishe wala kupambazuke. Mkimbizeni hospitali saa ile ile.

Mtoto wa Abwaa

Usiku ule Matsangoni alitaka kisa. Nikamsimulia cha mtoto mwingine wa safarini. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa na umri wa miaka 6 mamake, Bi Amina, alipompeleka Madina kuwaona jamaa zao. Walipokuwa njiani kurudi Makka, Bi Amina akaugua, akafariki mahali paitwapo Abwaa, akazikwa papo hapo. Baba yake alikwisha kufa kabla yeye hajazaliwa. Aliyemshika mkono kuimaliza njia iliyobaki ni mtumishi wao Baraka, ambaye twamjua kwa jina la Umm Ayman (R.A.). Alimfikisha kwa babu yake, Abdul Muttalib.

"Alilia?" akauliza binti yangu.

Nikamwambia kwamba hata alipokuwa mtu mzima na Mtume, alilizuru kaburi la mamake akalia, na waliokuwa naye wakalia kwa kilio chake. Na alipofiwa na mwanawe Ibrahim, macho yake yalitoka machozi mbele ya maswahaba, akawafahamisha kuwa jicho kulia na moyo kuhuzunika si kumwasi Mola. Lililokatazwa ni kuomboleza kwa makelele, kujipiga na kurarua nguo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi si dhambi." Miezi 7 alidhani ni dhambi, na aliyemfundisha hivyo ni mimi.

Gede tulizuru magofu ya mji wa kale. Lipo pale kaburi lililochongwa tarehe ya mwaka wa 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Miladi. Alisimama mbele yake akihesabu vidoleni, akaona ni zaidi ya miaka 600. Akauliza watoto wa marehemu yule walifanya nini walipokwisha kumzika. Nikamwambia bila shaka walirudi nyumbani, wakala chakula walichopikiwa na majirani, kama yeye.

Kuwasili na kurejea

Tuliingia Malindi siku ya saba, yeye akiwa amejitanda leso ya mamake. Nyanya yake alikuwa amewekewa kiti mlangoni. Hawakusemezana kitu mwanzo. Akaagiza maji ya vuguvugu yenye chumvi, akaiosha miguu ya mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe, akaipaka mafuta ya nazi. Katikati ya kuoshwa, mtoto akamwambia lile neno bila kuulizwa: kwamba mama alimwita, naye akajifanya amelala.

Bibi yule akacheka, huku machozi yakimtiririka. "Mamako alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Nikimwita usiku, hukoroma kwa makusudi."

Maneno yangu yote ya chini ya mbuyu hayakufikia uzito wa hayo.

Baada ya wiki moja aliniambia turudi kwa basi. Aliketi karibu na dirisha, akanishika mkono, akalia tangu Gede hadi tulipolivuka daraja la Kilifi, kisha akalala begani mwangu. Sitawaambia kuwa amepona. Zipo siku tumbo bado humsokota, na zipo siku mimi nami hukaa ndani ya chumba nikashindwa kutoka. Lakini sasa tunaambiana.

Simwambii mtu yeyote aende Malindi kwa miguu. Ninalosema ni kwamba mfiwa, hasa aliye mdogo, ni msafiri katika njia asiyoichagua, na msafiri hupunguziwa mizigo. Mwambieni mtoto ukweli kwa maneno ya ukweli. Msimkataze machozi ambayo Mtume wake hakuyakataza. Mwulizeni kwa upole kama anadhani ana kosa katika kifo kile, kwa kuwa wengi hudhani hivyo wakaficha. Mpunguzieni masomo kwa muda. Mchukueni mkatembee naye, hata kama ni hadi ufukweni na kurudi, mkiwa bega kwa bega, wala msiharakishe kumpa jibu. Na akizidiwa, asile wala asilale kwa wiki nyingi, mpelekeni kwa daktari. Kutafuta tiba hakupingani na tawakkul.

Dua ya msafiri ni miongoni mwa dua zinazotarajiwa kupokewa. Kila usiku wa safari ile mimi na binti yangu tulimuombea mamake. Nawaombeni nanyi mumkumbuke katika dua zenu, pamoja na maiti wetu wote wa Kiislamu, na mayatima waliobaki nyuma yao. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.